Mawe Yaliyofanya Mazoezi

Kila asubuhi alisimama mbele ya jiko langu pale machimboni, fimbo mkono wa kushoto, kikombe cha bati mkono wa kulia, akiwatazama wachimbaji wakipita kwenda kazini. Wale waliokuwa wakielekea Ukumbini aliwasalimia kwa namna moja tu.

"Habari za asubuhi, marehemu."

Hakuwa akitania. Au alikuwa akitania, sijui. Nikijaribu kumweka mtu huyu kwenye karatasi huwa nakwama hapohapo. Mimi nimeishia darasa la saba, kule Katumba, kwenye makazi yetu sisi ambao wazazi walivuka kutoka Burundi, na kazi ya kuandika habari za watu ina wenyewe. Ila hao wenyewe hawakumpikia chai. Nilimpikia mimi, kwa miaka, kwa hiyo naandika, na pale nitakapoona nimemwonea nitajirudi.

Mmoja wa hao marehemu alikuwa mume wangu.

"Baba Neema, marehemu, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mhandisi. Na wewe bado hujazikwa?"

"Nakusubiri utangulie, nile wali wa watu."

Wote wawili wanacheka, mume wangu anaweka begani nyundo na moko, ile patasi ndefu ya kuvunjia mwamba, anaondoka, na mimi nabaki na mwiko mkononi nikijiuliza nicheke upande wa nani.

Tulimwita Mhandisi. Cheti chake hakuna aliyekiona, na kwa haki niseme kwamba hakuna aliyeomba kukiona. Alikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, vyama vingi vikiwa bado vinanukia rangi mbichi ya bendera, akiwa na kikundi cha watafiti waliotaka kupima mgodi wa zamani. Watafiti walipima, wakala kuku wetu, wakashuka Mpanda mjini kupanda treni. Yeye akabaki na sanduku moja la chuma. Mwenyewe alisema amebaki kumalizia kazi. Mwenyekiti wa machimbo alisema wenzake walimsahau kama mtu anavyosahau mwavuli. Mimi nadhani yote mawili yalikuwa kweli.

Ukumbini nako nieleze, kwa sababu ndiko maneno yote yalikoanzia. Zamani sana Wazungu walichimba madini ya risasi kwenye kilima kile, wakafunga kabla mimi sijazaliwa. Chini waliacha chumba kipana kama ukumbi wa harusi, na ili paa lisishuke waliacha nguzo za mwamba wenyewe, nene, zimesimama gizani. Miaka yetu watu waligundua kwamba nguzo zile zina dhahabu kidogo. Wakaona ni ufujaji kuziacha zisimame tu bila kazi nyingine. Basi wakawa wanazikwangua, kidogo leo, kidogo kesho, kama mgeni anayekata mkate akidhani mwenye nyumba hataona. Kufikia wakati ninaousema, nguzo za Ukumbini zilikuwa na viuno vyembamba kama vya wasichana wa kwenye kalenda, na wanaume wetu wazima walikuwa wakizisifia.

Kazi ya Mhandisi, kama alivyonieleza mara nyingi kwa sauti ya mtu anayemweleza mbuzi, ilikuwa kusikiliza jinsi mwamba unavyovunjika kabla haujavunjika. Mwamba ukibebeshwa mzigo, ndani yake huzaliwa nyufa, ndogo kuliko unywele, na kila ufa ukizaliwa hutoa mlio. Sikio la mtu halisikii. Sanduku lilisikia. Lilikuwa na kidude kama kifungo cha koti, unakibandika kwenye jiwe, waya unaingia sandukuni, na kila ufa ukizaliwa sanduku linagonga ti, na namba inapanda.

Ili kifungo kishike lazima kipakwe mafuta mazito. Grisi yake ilipokwisha alihamia kwenye mafuta ya watoto. Kwa hiyo machimboni kwetu watoto walipauka, mawe yaling'aa. Nilimwambia hivyo, nikidhani nimemchoma.

"Mtoto akipauka haangukii mtu," akasema.

Siku chache baadaye nikakuta kopo zima la mafuta mlangoni, la Neema. Nilipomshukuru alisema kopo limekosea njia.

Chumba chake kilikuwa cha matofali mabichi, nusu kitanda, nusu jeki. Ilikuwa jeki ya lori, imefungwa katikati ya fremu ya vipande vya reli, ambavyo mafundi wa karakana ya reli walimchomelea. Alichukua mawe ya Ukumbini akayachonga na kuyasugua mpaka yakawa kama vipande vya sabuni. Anaweka kipande chini ya jeki, anabandika kifungo, anapampu, anasikiliza. Jirani yake wa ukuta mmoja alihama. Alisema kelele si tatizo, ila hawezi kulala karibu na mtu anayetesa mawe mpaka yaseme.

Kulalamika kulikuwa ndiyo pumzi yake. Treni ikichelewa alilalamika, ikiwahi alisema dereva ana haraka ya kwenda kuua watu. Redio ya jirani ilikuwa juu mno, na ikizimwa alitaka kujua kwa nini wanaficha taarifa ya habari. Kanisani alikuwa haingii, lakini betri ya sanduku lake aliiazimisha kwaya kila Jumapili ili spika ifanye kazi, halafu akakaa nje kwenye jiwe na kulalamika kwamba mahubiri ni marefu na betri si ya mchungaji. Chai yangu ilikuwa na hukumu yake ya kudumu: "Chai hii imepikwa na adui." Nikizidisha sukari, adui. Nikipunguza, adui. Mara moja nilimwekea maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa asubuhi ileile, akanywa mpaka mwisho, akafuta midomo, akasema, "Leo adui amejitahidi."

Shikamoo hakuipenda. Vijana wakimwamkia aliwaambia, "Hizo shikamoo pelekeni kwa nguzo, labda zitawaonea huruma." Ushirikina pia aliukemea. Waganga waliokuja kuuza dawa za kumwaga mlangoni mwa duara, shimo la kuchimbia, aliwafukuza kwa fimbo. Lakini mtu asipige mluzi mgodini. Alisema mluzi unavuruga sanduku. Nilimuuliza mbona anakataza hata siku ambazo sanduku limekwenda mjini kuchajiwa betri. Akanisogezea kikombe kitupu.

"Mama Neema, wewe pika chai."

Sasa, mbona watu hawakumsikiliza mtu huyu aliyekuwa na sanduku na jeki na uchungu wote ule? Kwa haki niseme, walikuwa na sababu. Kuna asubuhi alibandika kifungo kwenye nguzo ya Ukumbini, sanduku likagonga kama mvua ya mawe kwenye bati. Alipiga kelele, watu wakatupa nyundo, wakapandana migongoni kutoka nje, mmoja akapoteza jino kwenye kisigino cha mwenzake. Wakakaa juani wakisubiri kilima kishuke. Kilima hakikushuka. Mwisho Mhandisi mwenyewe alizunguka nyuma akatukuta sisi wanawake, tumeweka vinu juu ya jabali, tunatwanga kisamvu. Jabali lile lilikuwa ndilo paa la Ukumbini. Tulikuwa tukilipenda kwa sababu ni tambarare na kinu hakiyumbi.

"Nyie," alisema, akabeba sanduku lake akashuka.

Tangu siku ile wachimbaji wakawa na jibu la kila onyo lake. Akisema nguzo ya kushoto imeanza kugonga, mtu anauliza, "Mhandisi, ni mwamba au ni mboga?" Na wanakwangua.

Mimi nilibaki na hofu. Si kwa sababu ya elimu, elimu yenyewe nimeshaitaja ilipoishia. Ni kwa sababu ya bisi. Siku moja nilikuwa nakaanga bisi za Neema, Mhandisi akakaa kwenye kiti changu cha mbao, kile kilichobaki kwenye seti ya harusi yangu, mguu wake mbovu ameunyoosha kama kawaida yake, na akaniambia nisikilize sufuria.

"Mwanzo moja moja," alisema. "Halafu?"

"Zinaongezeka."

"Halafu zinakuwa nyingi mpaka huwezi kuhesabu. Mwamba ni hivyohivyo. Mzigo ukiongezeka, milio inaongezeka. Halafu?"

"Zinanyamaza."

"Na wewe unafanya nini?"

"Naepua, zisiungue."

"Wewe unaepua. Kwenye mwamba, mlio ukishakuwa mwingi ukanyamaza ghafla, unakimbia. Kinachofuata ni paa."

Nikamuuliza kwa hiyo mwamba uliotulia ni mbaya. Akakasirika, maana nilikuwa nimerahisisha.

"Sikiliza. Kipo kimya kingine. Jiwe ukishalibebesha mzigo, ukautua, ukalibebesha tena, halisemi kitu. Linanyamaza mpaka ufike pale ulipofika mara ya kwanza. Ukipapita, linaanza upya. Linakumbuka."

"Linakumbuka mzigo?"

"Linakumbuka. Kwa hiyo ukikuta jiwe kimya, ama limeshawahi kubeba zaidi ya hapo, ama linakaribia kukuua. Sanduku linakwambia kimya. Halikwambii kimya kipi."

"Sasa unajuaje?"

"Unaongeza mzigo kidogo, unasikiliza." Akachota bisi mkono mzima. "Hizi nazo zimepikwa na adui."

Hayo ndiyo niliyoyaelewa, na inawezekana nimeyaelewa vibaya. Lakini niliyaelewa kiasi cha kutolala nikifikiria Baba Neema chini ya nguzo zenye viuno.

Kisha ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa mkoa kutoka Sumbawanga angepita machimboni kwetu akitokea Mpanda mjini, kwenda Sitalike kwa mambo ya hifadhi. Mhandisi alibadilika. Alinyoa. Alisema mkubwa akitamka neno moja tu, Ukumbini kutafungwa, wachimbaji watahamia upande wa pili wa kilima, na yeye atapumzika kusalimia maiti. Akaomba apewe nafasi kwenye ratiba: atalikamua jiwe la Ukumbini kwa jeki mbele ya mgeni rasmi, mgeni avae spika za masikioni, asikie milio inavyoongezeka, inavyonyamaza, na jiwe linavyopasuka.

"Mkubwa haelezwi," alisema. "Mkubwa anashtuliwa."

Mwenyekiti wa machimbo alikubali. Nisimseme vibaya Mwenyekiti, alikuwa mtu wa mpangilio, na bila yeye machimbo yale yangekuwa vurugu tupu. Alipanga mawe pande zote mbili za njia, akayapaka chokaa. Kwaya ikafanya mazoezi. Watoto wa shule wakafanya mazoezi ya kupunga bendera. Yeye mwenyewe alifanya mazoezi ya risala mbele ya mbuzi wangu. Siku moja kabla ya ugeni akafika kwenye chumba cha Mhandisi.

"Na mawe yako nayo yafanye mazoezi."

"Mawe hayafanyi mazoezi, Mwenyekiti."

"Kila kitu kinachokwenda mbele ya mgeni rasmi kinafanya mazoezi. Hata mimi."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Mhandisi akakubali, nadhani ili apate amani. Akachukua vipande vitatu akaviminya kwa jeki, kimoja kimoja, karibu na kupasuka, vikagonga ti ti ti vizuri kabisa, Mwenyekiti akiwa na spika masikioni anatabasamu kama bwana harusi. Vipande vingine, ambavyo havijawahi kuguswa na jeki, Mhandisi alivifunga kwenye kitambaa. Hivyo ndivyo vya kesho, akasema. Nilikuwepo, nilisikia. Mwenyekiti pia alikuwepo. Kusikia kwake ndiko sina hakika nako.

Siku yenyewe meza ikatolewa nje, kitambaa cha maua, jeki katikati. Mgeni rasmi alifika na magari na vumbi. Kwaya ikaimba, bendera zikapungwa, risala ikasomwa, na mbuzi wangu alionekana kuifahamu. Halafu Mhandisi akaitwa. Alikuta mawe yake yamepangwa mezani kwa ustadi, matatu, yamepakwa chokaa pembeni yafanane na mawe ya njiani. Chini ya chokaa jiwe halina sura. Alichukua la kwanza, akabandika kifungo, akamvisha mgeni rasmi spika juu ya kofia yake, akaanza kupampu.

Kimya.

Akapampu. Kimya. Namba kwenye sanduku haikusogea. Watu walinyoosha shingo. Mgeni rasmi alifumba macho kwa heshima, kama mtu anayesubiri sala iishe. Mhandisi akakagua waya, akakagua kifungo, akaongeza mafuta ya watoto. Akapampu tena. Kimya. Nilimwona anasimama, anaitazama ile chokaa. Kisha akageuza kichwa polepole.

"Mwenyekiti," alisema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu na birika la chai. "Haya ni ya jana?"

Mwenyekiti alijivuta akanyooka. "Ndiyo. Yale yaliyofaulu. Yale mengine yalikuwa hayajazoea, yangetuaibisha."

Sitasahau uso wa Mhandisi. Sikuona hasira. Niliona mtu aliyefundisha somo moja maisha yake yote, na somo limekuja kumfundisha yeye, tena hadharani, kwa chokaa.

"Mheshimiwa," akasema, "nipe pampu chache tu. Nikivuka pale nilipofika jana, litasema."

Mtu wa itifaki akatazama saa, akamnong'oneza mkubwa kuhusu Sitalike. Mgeni rasmi akavua spika, akaziweka mezani taratibu, akamshika Mhandisi bega. Alikuwa mtu mpole, nisimzulie.

"Mzee wangu, nimesikiliza vizuri. Nimesikia utulivu." Akawageukia watu. "Nafurahi kwamba mwamba wenu umetulia. Nanyi muige mwamba, mdumishe utulivu, mchape kazi."

Makofi yakapigwa, ya nguvu, ya mdundo mmoja, maana nayo yalikuwa yamefanyiwa mazoezi. Mgeni akapewa jogoo. Magari yakaondoka. Kwa namna hiyo Ukumbini, pango lililoshikiliwa na nguzo zilizokonda, palipata baraka za mkoa.

Watu walipotawanyika Mhandisi alirudi mezani, akaendelea kupampu. Pampu ya tatu au ya nne, sanduku likaanza. Ti. Ti ti. Kisha kwa wingi, kama sufuria yangu. Kisha kimya. Mimi nikarudi nyuma bila kuambiwa, na jiwe likapasuka kwa mlipuko, chokaa ikaruka mpaka kwenye birika. Tulioshuhudia ni mimi na mbuzi. Aliyeshtuka sana ni mbuzi.

"Habari za asubuhi," Mhandisi akaliambia lile jiwe.

Asubuhi iliyofuata kiti changu cha harusi hakikuwepo jikoni. Nilikifuata kilikokwenda. Mlango wa Ukumbini si mpana, watu wawili wanapita kwa kubanana. Mhandisi alikuwa amekaa pale mlangoni kwenye kiti changu, mguu wake mbovu ameunyoosha kutoka ukuta hadi ukuta, na mzima juu yake.

Wachimbaji wakafika, Baba Neema mbele.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba." Hilo neno sikuwahi kumsikia akilitamka.

"Tunaomba njia, Mzee."

"Njia hiyo hapo. Rukeni."

Wakatazamana. Kwetu mtu mzima harukwi. Ukimruka mzee aliyenyoosha miguu umemfanya gogo, au umemfanya maiti, na hakuna aliye tayari kwenda na doa hilo kazini chini ya ardhi. Watu hawa walikuwa wamedharau sanduku, wamedharau namba, wamedharau nguzo zenye viuno. Miguu ya mzee mwenye tabia mbaya ikawashinda.

"Kunja kidogo tu, Mzee," mume wangu akasema.

"Mbona mnaogopa? Mgeni rasmi amesema pametulia. Rukeni."

"Na pasipoanguka je? Tutakaa na njaa kwa sababu ya jeki yako?"

"Pasipoanguka nitakuwa muongo, na wewe utakuwa hai, unanicheka. Niombee niwe muongo, marehemu."

Alikaa pale siku baada ya siku. Alikuja kabla yao, akaondoka baada yao, akilalamikia popo, baridi na uji. Aliyepeleka uji ni mimi, na kwa haki niseme kwamba niliupeleka huku namlaani. Mwezi ule jikoni kwangu hapakuwa na kitu, na kushinda nyumbani na mwanaume mwenye njaa na hasira si mchezo. Mwenyekiti alikwenda kumsihi, akarudi. Mwisho watu wakachoka, wakachimba maduara mapya upande wa pili wa kilima, dhahabu ikaonekana huko, na ugomvi ukafa wenyewe. Hakuna aliyesema Mhandisi alikuwa sahihi. Ukumbini hapakuanguka. Mvua kubwa zilikuja, zikapita, pamesimama. Jina lake likabadilika, vijana wakamwita Mzee Kesho, kwa maana ya kwamba mwamba wake unaanguka kesho. Alilalamika kuhusu hilo jina kwa furaha.

Halafu mguu ukamzidi. Mafundi wa reli walimchukua wakampangishia chumba Kawajense, kule mjini, karibu na hospitali. Sanduku likawa limeshakufa, betri ilichoka. Mimi nilibaki na kiti.

Nilimwona tena miaka ya tisini ikiwa inaisha. Nilikuwa nimeshuka mjini kwa mambo ya unga, nikaulizia, nikaelekezwa. Nilimkuta kitandani, amekonda, mguu umefungwa. Nikamsalimia, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia jua ni kali mwaka huu. Kimya. Nikamwambia treni imechelewa tena. Kimya. Redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele mpaka bati linatetemeka, na yeye amelala anatazama darini kama vile hakuna redio duniani.

Hapo nikaogopa. Miaka yote sikuwahi kumkuta kimya. Nikawaza yale ya bisi na ya jeki, nikajiuliza hiki ni kimya kipi, cha aliyeshabeba makubwa kuliko haya, au kile kingine. Wa kumuuliza ni yeye mwenyewe.

Kulikuwa na jiko la mkaa uani. Nikapika chai bila sukari, nikaweka na chumvi. Akapokea kwa mikono miwili. Akanywa. Akameza. Akanywa tena. Hakusema kitu.

Nikaongeza. Nikamwambia vijana bado wanamcheka, wanasema Ukumbini hapajadondosha hata kokoto. Akapepesa macho tu.

Nilikuwa na moja limebaki, na sikuwa nimekuja kulisema. Maduara mapya yalikuwa yamekauka. Watu walikuwa wameanza kuzitazama tena zile nguzo.

"Wanarudi Ukumbini, Mzee," nikasema. "Mlangoni hakuna mtu siku hizi. Baba Neema ameshanoa moko. Anasema kesho kutwa."

Akashusha kikombe kifuani. Muda ulipita, redio ikamaliza wimbo mzima.

"Chai hii," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "imepikwa na adui."

Nilicheka, nikajifuta macho kwa kanga.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Kiti changu, Mzee. Kipo jikoni."

"Mguu wa nyuma umelegea. Mwambie fundi aukaze." Akajaribu kuinuka. Nikamshika, akanisukuma, akajaribu tena, na safari hii alibaki ameegemea kiwiko, anahema. Akautazama mguu wake mbovu, kwa dharau, kama anavyotazama chai. Kisha, bila haraka, akaitazama miguu yangu.

Hakuniomba kitu. Lazima niwe mkweli katika hilo. Kuomba hakukuwa tabia yake.

Mimi sijui kama Mhandisi alikuwa sahihi kuhusu Ukumbini. Mpaka leo ninapoandika hapajaanguka, na inawezekana hapataanguka, na inawezekana nimeingiza njaa nyumbani kwangu mara ya pili kwa ajili ya bisi. Asubuhi ile ya kesho kutwa jua lilikuwa limeshachomoza. Nilikuwa nimekaa mlangoni, kiti kimekazwa, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha mpaka ukuta wa pili, na popo wananuka vilevile kama alivyokuwa akilalamika. Baba Neema akatokea kwenye njia, moko begani, wenzake nyuma yake. Akasimama. Akaitazama miguu ya mama wa mtoto wake.

"Mama Neema," akasema taratibu, "kunja miguu."

"Habari za asubuhi, marehemu," nikamwambia, na sikukunja.